Namna ya kupunguza nembo na matangazo yanayoziba picha kwenye runinga yako

Mama mkwe wangu hufuatilia tamthilia moja ya Kituruki ambayo wahusika wake husema kwa lugha ya kwao, na tafsiri ya Kiswahili hupita kwa maandishi chini ya kioo. Jumanne moja usiku, katika kile kipande alichokuwa amekisubiri wiki nzima, binti wa kwenye tamthilia alifungua bahasha, akasoma, akainua uso na kumwambia baba yake maneno manne matano hivi. Sekunde hizo hizo utepe mwekundu ukapanda kutoka chini ya kioo, ukiwataka watazamaji watume neno fulani kwenda namba fulani ili wajishindie pikipiki, na tafsiri yote ikafunikwa. "Amesemaje huyo?" mama akauliza, na sebule nzima hapakuwa na wa kumjibu. Shemeji yangu akanyakua rimoti, akabonyeza kitufe cha kutoka, kisha cha kurudi, kisha cha menyu, na mwisho akawa ameiweka menyu ya king'amuzi juu ya utepe, tukawa hatuoni tafsiri wala binti mwenyewe.

Rimoti haikuwa na kosa. Utepe ule ulikuwa umekwisha kuchanganywa na picha huko kituoni kabla ya kutufikia, na hakuna kitufe cha rimoti yoyote kinachoweza kuuondoa. Hata hivyo, yapo maandishi, nembo na matangazo mengine mengi ambayo huondoka kabisa kwa kubadilisha mpangilio mmoja tu, na watu huishi nayo miaka mingi kwa kudhani kwamba nayo yanatoka kituoni. Kwa hiyo kabla ya kugusa mpangilio wowote, jua kwanza ni nani aliyekichora kile kinachokukera.

Mikono mitatu juu ya picha moja

Enzi za runinga za chogo, waya wa antena ulichomekwa moja kwa moja nyuma ya runinga, na karibu kila kilichoonekana kwenye kioo kilikuwa kimetoka kituoni. Nchini Tanzania hali hiyo ilianza kubadilika tarehe 31 Desemba 2012, pale mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa jijini Dar es Salaam, miaka miwili na nusu kabla ya tarehe 17 Juni 2015 ambayo ilikuwa imekubaliwa kimataifa kuwa ukomo kwa nchi nyingi za Afrika na Ulaya. Tangu hapo kati ya kituo na kioo kikaingia king'amuzi, ambacho wengine hukiita kisimbuzi, nacho kwa hakika ni kompyuta ndogo yenye uwezo wa kuandika chochote juu ya picha inayopita ndani yake. Baadaye runinga yenyewe ikawa kompyuta, ikaunganishwa na intaneti, ikaanza kuandika ya kwake.

Kituoni kwenyewe mambo huwekwa kwa tabaka. Mechi ya ligi ya nje huingia ikiwa tayari na kisanduku cha matokeo na saa, kwa kuwa hivyo huchorwa na watayarishaji wa picha za mechi yenyewe. Ikifika kituoni, katika chumba cha mwisho kabla ya mitambo ya kurushia, ndipo nembo ya kituo huwekwa kwenye kona, na chini huongezwa mstari wa habari unaotembea pamoja na utepe wa matangazo, kama kituo kinataka. Baada ya chumba hicho hakuna tena picha na nembo kama vitu viwili, bali ni kitu kimoja kilichoungana kama chumvi iliyokwisha kuyeyuka mchuzini.

Vituo navyo vina sababu zao. Mtazamaji anayerukaruka kati ya chaneli hamsini anahitaji kujua yuko wapi, na kipande cha habari kinachosambaa kwenye simu za watu hubeba jina la aliyekipiga hadi mwisho wa safari yake. Nembo ndogo, yenye kupitisha mwanga, iliyotulia kwenye kona, mimi binafsi sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni nembo inayozunguka na kumetameta kila baada ya dakika, na ule mstari wa habari unaotembea hata wakati hakuna habari. Zamani mstari huo uliwashwa kwa matukio makubwa tu, lakini tarehe 11 Septemba 2001 vituo vikubwa vya habari vya Marekani viliuwasha kwa sababu ya mashambulizi ya siku ile na havikuuzima tena, na vituo vya kwingineko vikafuata mkumbo.

Jinsi ya kumtambua mchoraji

Anza kwa rimoti ya runinga, si ya king'amuzi. Tafuta mpangilio wa umbo la picha, ambao kwa kawaida huandikwa "Picture Size" au "Aspect Ratio", na uchague ule wa kukuza unaoandikwa "Zoom". Picha yote inayoingia kwa waya wa HDMI, ule unaotoka kwenye king'amuzi, itakuzwa. Kama nembo au tangazo limekua na kusogea pamoja na sura za watu, limetoka nje ya runinga, kwa maana ya kituoni au kwenye king'amuzi. Kama limebaki pale pale kwa ukubwa ule ule huku sura za watu zimekuwa kubwa, limechorwa na runinga yenyewe, na hiyo ni habari njema.

Kutenganisha kituo na king'amuzi ni rahisi pia. Fungua ratiba ya vipindi kwa rimoti ya king'amuzi. Ving'amuzi vingi huonyesha chaneli uliyokuwa unaitazama ikiwa imepunguzwa kwenye dirisha dogo la kona. Chungulia humo. Nembo au utepe ulioingia dirishani pamoja na picha, ukiwa umepungua kwa kiasi kile kile, ni wa kituo. Usiokuwemo dirishani ni wa king'amuzi. Kama king'amuzi chako hakina dirisha hilo lakini kinaweza kurekodi kwenye flashi, rekodi dakika mbili wakati kero inaonekana, kisha cheza ulichorekodi: la kituo litakuwemo na la king'amuzi halitakuwemo. Na kama vyote hivyo ni usumbufu, mpigie simu jirani mwenye king'amuzi cha kampuni nyingine, umuombe aweke chaneli ile ile akuambie anaona nini kwenye kona ya chini.

Yanayochorwa na runinga

Nianze na runinga, kwa sababu huko ndiko kwenye nafuu kubwa na ndiko watu wengi hawagusi kabisa.

Mpwa wangu alinunua runinga ya inchi 43 Kariakoo, na tangu siku ya kwanza kila baada ya dakika chache ilikuwa ikitokeza chini ya kioo bango linalosifu runinga yenyewe: ubora wa rangi, ukali wa picha, aina ya sauti, pamoja na alama za programu zinazopatikana ndani yake. Bango lilikaa kidogo, likaondoka, likarudi. Aliishi nalo miezi minane, akiamini kwamba ni masharti ya mtengenezaji, kama vile mtu anavyokubali kelele za feni. Kumbe runinga ilikuwa imeachwa katika hali ya dukani. Runinga nyingi, zinapowashwa kwa mara ya kwanza, huuliza kama zitatumika nyumbani au dukani, na muuzaji anayetaka kumuonyesha mteja kuwa kifaa ni kizima hubonyeza haraka haraka hadi picha itokee, wakati mwingine akiwa amechagua dukani. Hali hiyo huleta bango, huongeza mwanga wa kioo hadi juu kabisa ili picha ing'ae chini ya taa za duka, na katika baadhi ya runinga hurudisha mipangilio ya picha kila unapoibadilisha. Mwenye kulipa umeme kwa LUKU anapaswa kuikimbia kwa sababu hiyo ya pili peke yake.

Kuiondoa ni kazi ya dakika moja. Katika runinga za Samsung za miaka ya karibuni fungua "Settings", uingie "General", kisha "System Manager", ambamo utakuta "Usage Mode", na hapo uchague "Home Mode". Majina ya njia hutofautiana kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, na hata kati ya mwaka na mwaka, lakini maneno ya kutafuta ni yale yale, yaani "Store", "Retail" au "Demo" kwa hali ya dukani, na "Home" kwa ya nyumbani. Ikikushinda kabisa, irudishe runinga katika hali ya kiwandani, na safari hii ujibu mwenyewe swali lile, bila haraka.

Kundi la pili la matangazo ya runinga ni yale yanayotoka kwenye intaneti: mabango kwenye ukurasa wa mwanzo, video zinazojicheza bila kuombwa, na katika baadhi ya nchi hata matangazo yanayoibuka juu ya kipindi kinachoendelea. Nyuma yake kuna mfumo unaoitambua picha iliyo kwenye kioo, iwe inatoka kwenye king'amuzi, kwenye flashi au kwenye mashine ya michezo, na kupeleka taarifa hizo kwa kampuni ili ijue unatazama nini. Hili si la kudhani. Mwezi Februari 2017 kampuni ya Vizio ya Marekani ilikubali kulipa dola milioni 2.2 ili kumaliza shauri la kukusanya taarifa za utazamaji kutoka runinga milioni 11 bila ridhaa ya wenyewe.

Katika Samsung mfumo huo huitwa "Viewing Information Services" na katika LG huitwa "Live Plus". Vyote viwili huzimwa kwenye mipangilio, sehemu ya masharti na faragha kwa Samsung, na sehemu ya mipangilio ya jumla au ya ziada kwa LG. Hapo karibu utakuta pia idhini ya matangazo yanayolenga mapendeleo yako, iondoe nayo. Runinga zinazotumia mfumo wa Google TV zina hali inayoitwa "Apps only mode" ndani ya sehemu ya akaunti, ambayo hupunguza sana mapendekezo ya ukurasa wa mwanzo na kukuachia programu zako, ingawa utapoteza pia utafutaji kwa sauti. Kumbuka kuwa kuzima idhini ya mapendeleo hakumalizi matangazo. Huyafanya tu yasikufuate wewe binafsi.

Mwenye kutaka zaidi anaweza kubadilisha namba za DNS, ambazo ndizo runinga huzitumia kuulizia anwani za mtandaoni, akaweka za huduma inayokataa kujibu anwani za matangazo. AdGuard, kwa mfano, hutoa namba 94.140.14.14 na 94.140.15.15 bila malipo, na huandikwa kwenye mipangilio ya mtandao ya runinga au, vizuri zaidi, kwenye ruta ili vifaa vyote vya nyumbani vifaidike. Andika kwanza pembeni namba zilizokuwepo, kwa sababu programu moja moja hugoma kufunguka na itabidi uzirudishe.

Na kwa yule ambaye runinga yake hutazamwa kupitia king'amuzi peke yake, ambaye aliiunganisha na Wi-Fi siku ya kwanza kwa sababu tu iliomba, dawa ni fupi kuliko zote: ingia kwenye mipangilio ya mtandao, uiambie runinga isahau Wi-Fi hiyo. Bila intaneti haina pa kuletea tangazo jipya.

Yanayochorwa na king'amuzi

Huku mambo ni madogo madogo. Bango la jina la chaneli na kipindi linalotokea kila unapobadilisha chaneli lina muda wake, na ving'amuzi vingi hukuruhusu kuupunguza hadi sekunde mbili au tatu; tafuta kwenye mipangilio ya mtumiaji neno "Banner" au "OSD". Alama ya bahasha inayokaa kwenye kona siku nzima ina maana kuna ujumbe ambao hujausoma, nayo huondoka ukiufungua ujumbe huo, hata kama ni ule ule wa ofa ya kifurushi uliokwisha kuusikia redioni. Onyo kwamba king'amuzi kitazimika baada ya muda mfupi hutokana na mpangilio wa kuokoa umeme, unaohesabu saa tangu ulipogusa rimoti mara ya mwisho, nao pia huzimwa kwenye menyu. Alama ya kipaza sauti kilichokatwa mstari ni sauti uliyoizima mwenyewe, au aliyoizima mtoto.

Jambo moja tu la king'amuzi linahitaji maelezo. Mara chache, hasa wakati wa mechi kubwa, hutokea namba ndefu mahali popote kwenye kioo, ikakaa sekunde kadhaa na kupotea. Watu huipigia picha na kuitia kwenye makundi ya WhatsApp wakiuliza kama wamedukuliwa. Namba hiyo huamriwa na kampuni ya runinga ya kulipia na huchorwa na king'amuzi chako kutokana na namba ya kadi au ya king'amuzi chenyewe, ili mtu akirusha mechi hiyo mtandaoni kinyume cha sheria ijulikane imetoka kwenye king'amuzi cha nani. Haizimiki, na fundi anayekuahidi kuizima anataka fedha yako.

Yanayochorwa na kituo

Hapa nguvu za mtazamaji ni chache, ingawa hayuko mikono mitupu. Ule mpangilio wa kukuza picha tuliotumia kwa kutambua unaweza pia kutumika kama dawa. Ukikuza, kingo za picha huangukia nje ya kioo, na mstari wa habari unaotembea chini kabisa unaweza kutoweka wote au nusu yake. Runinga nyingine hukuruhusu, ukiwa umekuza, kuisogeza picha juu au chini, na hapo unaweza kuusukuma mstari nje bila kumkata mtangazaji utosi. Gharama yake ni kwamba picha hupoteza ukali kidogo, na kwenye mpira kisanduku cha matokeo huenda kikatoka pamoja na kero. Kwa tamthilia yenye tafsiri ya maandishi usijaribu kabisa, kwani tafsiri nayo itatoka.

Njia nyingine, ambayo inaonekana ya kienyeji lakini inafanya kazi, ni kipande cha manila nyeusi chenye upana wa mstari, kinachosimamishwa kwenye fremu ya chini ya runinga. Dada mmoja jirani yetu hukiweka wakati watoto wake wanatazama mpira mchana, kwa kuwa hataki wasome utepe wa kubashiri mechi. Kisibandikwe kwa gundi juu ya kioo chenyewe, maana runinga za siku hizi zina utando laini wa mbele ambao gundi huuchuna, na kisizibe tundu dogo la kupokelea rimoti, ambalo mara nyingi liko hapo hapo chini.

Fikiria pia saa ya kutazama. Utepe wa matangazo huuzwa kwa bei ya juu pale watazamaji wanapokuwa wengi, yaani jioni na usiku, na marudio ya kipindi hicho hicho asubuhi ya kesho yake mara nyingi huwa na utepe mchache au hayana kabisa. Kuhusu kutazama vipindi vya kituo kwenye YouTube ili kukwepa nembo, usihangaike: picha inayopelekwa huko kwa kawaida ni ile ile iliyokwisha kupita chumba cha mwisho. Zipo programu za kompyuta, kama FFmpeg, zinazoweza kufuta nembo kwenye video iliyorekodiwa, lakini "kufuta" ni kwa jina tu. Huipaka kona hiyo ukungu uliokisiwa kutoka rangi za jirani, na jicho huvutwa na ukungu kuliko lilivyovutwa na nembo.

Nembo inapoacha kovu

Kero ya nembo huweza kugeuka hasara ya kifaa. Kama runinga yako ni ya LED ya kawaida, ambayo ndiyo wengi tunayo, hatari ni ndogo, na kivuli kikitokea aghalabu huondoka chenyewe. Runinga za OLED ni jambo jingine, kwa sababu kila nukta hutoa mwanga wake yenyewe na huchakaa kwa kadiri inavyofanya kazi. Kona inayowaka nembo nyeupe kwa muda wa saa kumi kila siku huzeeka kabla ya sehemu nyingine za kioo, na nembo hubaki ikionekana hata ukibadilisha chaneli. RTINGS, kampuni ya Kanada inayopima vifaa, ilianza mwaka 2018 kuziwasha runinga sita za LG aina ya C7 kwa saa 20 kwa siku zikionyesha vipindi vya kawaida, na zile zilizowekwa CNN zilipata kovu, ile ya mwanga wa juu ikiathirika zaidi kuliko yenzake ya mwanga wa wastani. Mwenye kibanda umiza anayetaka kununua OLED kwa ajili ya kuonyesha mpira kutwa kucha namshauri abaki na LED.

Aliye nayo tayari awashe ule mpangilio wa kusogeza picha kidogo kidogo, unaoitwa "Pixel Shift" au "Screen Shift", na ule wa kupunguza mwanga wa nembo kama upo. Kisha abadili tabia moja ambayo kwetu ni ya kawaida mno, ile ya kuzima runinga kwa swichi ya ukutani. Runinga ya OLED, baada ya jumla ya saa 4 hivi za kutazamwa, hujisawazisha yenyewe kwa dakika chache ikiwa imezimwa kwa rimoti na bado ina umeme. Ukiikatia umeme ukutani kila usiku, kazi hiyo haifanyiki. Izime kwa rimoti, uiache japo saa moja, ndipo uzime swichi ukitaka. Na radi zikianza, hapo chomoa bila kusubiri.

Kuandika malalamiko yatakayosomwa

Wengi husema malalamiko hayasaidii. Mwaka 1998, BBC ilipoanza matangazo ya dijitali, iliweka nembo kwenye picha za BBC One na BBC Two. Watazamaji wakalalamika, ikaziondoa, na hadi leo chaneli hizo mbili hazikai na nembo ya kudumu kwenye kona. Huko ni Uingereza, ambako mtazamaji hulipia leseni, na sitaki kumdanganya mtu kwamba kituo chetu kinachoishi kwa matangazo kitaona aibu ile ile. Lakini lalamiko lililoandikwa vizuri humfikia mhusika, na lililoandikwa kwa hasira huishia kwa mpokea simu.

Kinachofaa kuandikwa ni jina la chaneli, king'amuzi ulichotumia, tarehe, saa na dakika, kilichozibwa, kilizibwa kwa muda gani, na jambo moja unaloliomba. Piga picha ya kioo kwa simu uiambatishe. Ombi liwe la kutekelezeka. Kumtaka meneja aondoe matangazo ni kumtaka afunge kituo. Kumtaka asogeze utepe uwe juu ya kioo pale kipindi kinapokuwa na tafsiri ya maandishi, au aibane picha iwe ndogo na tangazo likae pembeni badala ya kupanda juu yake, ni jambo ambalo fundi wa zamu anaweza kulifanya leo hii. Yangu ilisomeka hivi:

"Tarehe hiyo, kati ya saa 3:12 na saa 3:13 usiku, utepe wa tangazo la bahati nasibu ulifunika maandishi yote ya tafsiri ya tamthilia kwa muda wa sekunde 20 hivi, kama picha niliyoambatisha inavyoonyesha. Tafsiri ndiyo njia pekee ya mtazamaji wenu kuifuata tamthilia hiyo. Naomba utepe uonyeshwe sehemu ya juu ya kioo katika vipindi vyote vyenye tafsiri ya maandishi."

Anza kwa kituo chenyewe, au kwa kampuni ya king'amuzi kama vipimo vimeonyesha kuwa ndiyo iliyochora. Usiporidhika, nchini Tanzania peleka kwa Mamlaka ya Mawasiliano, yaani TCRA, ukiambatisha nakala ya barua ya kwanza, kwa sababu wataiulizia. Zanzibar ipo Tume ya Utangazaji, na Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano ya huko. Kwa utepe wa kubashiri mechi, Wakenya wana hoja ya ziada: kanuni za vipindi za nchi hiyo hutaka kinachorushwa kati ya saa 11 alfajiri na saa 4 usiku kifae kutazamwa na familia nzima, na tarehe 29 Aprili 2025 bodi iliyokuwa ikisimamia michezo ya kamari ilisimamisha matangazo yote ya michezo hiyo katika vyombo vya habari kwa siku 30. Taja hoja ya namna hiyo pale tu inapohusu kweli kilichoonyeshwa; utepe wa sabuni hauwi kosa kwa sababu ulikuudhi.

Barua yangu haijajibiwa hadi sasa. Asubuhi iliyofuata Jumanne ile, hata hivyo, marudio ya tamthilia yalipita bila utepe, na mama mkwe aliyekuwa amewahi kiti chake kabla ya chai alinipigia simu kazini kunieleza alichosema yule binti baada ya kuisoma ile barua ya kwenye bahasha: "Wewe siye uliyenizaa, baba."